Dada anaumwa, shangazi alishafariki: upime jeni wewe, apimwe yeye, au ukaguliwe matiti tu?

Jirani yangu hapa Moshi ana miaka 33. Shangazi yake alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 46. Mwaka huu dada yake wa tumbo moja, mwenye miaka 38, alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, na jibu likarudi kuwa ni saratani. Jioni moja alikuja kwangu na swali ambalo alikuwa ameshawauliza watu watatu. Wa kwanza alimwambia aende akapime vinasaba upesi. Wa pili akasema wa kupimwa ni dada. Wa tatu, mama wa jumuiya, akamwambia aache kuuchokoza ugonjwa ambao hajaupata, awe anakaguliwa matiti kila mwaka, inatosha.

Hakuna aliyempotosha. Zote tatu ni njia zinazofuatwa kweli, na kila moja ina mtu wake. Nimezilinganisha hapa kwa maswali manne yaleyale: jibu lake lina uzito gani, linagharimu nini kwa fedha na safari, kitafanyika nini baada ya jibu, na nyumbani litapokelewaje. Hilo la mwisho wataalamu hulipitia haraka. Mimi naliona ndilo linaloamua mambo mengi.

Je, jambo hili linakuhusu?

Saratani nyingi za titi hazirithiwi. Kati ya wanawake 100 wanaougua, kama 5 hadi 10 tu ndio ambao ugonjwa wao umetokana na jeni moja yenye hitilafu waliyoipokea kwa mzazi. Bibi mmoja aliyeugua akiwa na miaka 75 peke yake kwenye ukoo hapaswi kumkosesha mtu usingizi. Mashaka huanza pale mtu anapougua kabla ya miaka 50, au anapougua matiti yote mawili. Saratani ya ovari kwa ndugu yeyote wa damu, au saratani ya titi kwa mwanamume, nayo inahesabika. Vilevile ile saratani ya titi ambayo maabara ikiipima vipokezi vitatu, yaani alama zinazotafutwa kwenye seli za saratani, haioni hata kimoja. Na wagonjwa wawili watatu wa upande mmoja wa familia.

Hapo kwenye "upande" ndipo Kiswahili kinatusaidia na kututatiza kwa wakati mmoja. Kinatusaidia kwa sababu ukisema shangazi, kila mtu anajua ni dada wa baba, na ukisema mama mkubwa, ni dada wa mama. Daktari akisikia hivyo ameshapata nusu ya mchoro. Tatizo ni kwamba watu wengi wakiulizwa kuhusu titi huhesabu upande wa mama peke yake, kana kwamba ugonjwa wa kike hupita kwa wanawake tu. Baba naye hupitisha jeni. Anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua na kuwapa binti zake.

Kisha kuna wale "dada" zetu ambao ni mabinti wa baba mdogo, na "mama mdogo" ambaye ni mke wa pili wa baba, asiye na damu yako hata tone. Kwa hiyo mkiandika, msiandike cheo tu. Andikeni kazaliwa na nani, aliugua nini, akiwa na miaka mingapi.

Tulikaa na jirani yangu tukachora. Tulipofika kwa mama mzaa baba, hakujua. Akapiga simu Machame.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anajitahidi. Baba, hivi bibi alifariki kwa ugonjwa gani?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Jipu la kifuani. Lilikataa kupona."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Alikuwa bado kijana. Mimi nilikuwa darasa la nne."

Tukaandika: bibi, kifuani, hakufika 45, na alama ya kuuliza. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemhesabu. Kama wenu wametawanyika, Desemba ndiyo nafasi. Kihamba, shamba la ukoo, kikishajaa waliotoka Dar es Salaam na Mwanza, wazee wapo na kumbukumbu zipo, mradi msisubiri mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, iishe.

Jeni zenyewe, kwa kifupi

Zinazotajwa sana ni BRCA1 na BRCA2. Kila mtu anazo, mwanamke kwa mwanamume. Kazi yake ni kukarabati vinasaba vinapovunjika ndani ya seli. Mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mwaka 1990 kwamba kwenye kromosomu ya 17 kuna jeni inayoambatana na saratani za titi za kifamilia, na mwaka 1994 BRCA1 ikapatikana yenyewe. Mwanamke aliyezaliwa na nakala mbovu ya BRCA1 ana uwezekano wa kama 72 kwa 100 wa kupata saratani ya titi kabla ya kufikisha miaka 80, na 44 kwa 100 wa saratani ya ovari. Kwa BRCA2 ni kama 69 na 17. Hesabu hizo zimetoka zaidi kwenye familia za Ulaya, basi zichukue kama makadirio. Zipo na jeni nyingine, kama PALB2 na TP53.

Mzazi mwenye hitilafu ana nafasi nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto. Ni shilingi inayorushwa, na kila mtoto hurushiwa ya kwake.

Na neno moja kuhusu jina. Hapa kwetu ukitamka "kupima DNA" watu wanawaza mtoto ni wa nani, na safari ya kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo cha jeni za saratani hakimtafuti baba wa mtoto. Waambieni wazee hivyo mapema, kabla kikao hakijaharibika.

Njia ya kwanza: aanze aliyeugua

*Uzito wa jibu.* Hii ndiyo yenye jibu zito kuliko zote. Kama ugonjwa wa ukoo unatokana na jeni, mahali pa kwanza pa kuitafuta ni kwa aliyeugua. Ikionekana kwake, ndugu wengine wote watatafutiwa hitilafu hiyohiyo moja, na watapata ndiyo au hapana iliyo safi. Isipoonekana, mashaka yanapungua ingawa hayaishi, kwa kuwa wapo wanaougua kwa sababu ambazo vipimo bado havizioni.

Kuna jibu la tatu, na Waafrika hulipata mara nyingi kuliko Wazungu: mabadiliko yameonekana kwenye jeni, lakini maana yake haijajulikana. Sababu ni kwamba hazina za kulinganishia zimejazwa zaidi na vinasaba vya watu wenye asili ya Ulaya. Jibu la namna hiyo halitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu. Wengi wa wenye jibu hilo baadaye huambiwa halikuwa na madhara. Hilo lisiwafanye mdhani kwamba jeni hizi ni mambo ya Wazungu. Watafiti wakiwemo Mnigeria Olufunmilayo Olopade waliwapima wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya titi, wakachapisha matokeo mwaka 2018: karibu 15 kati ya kila 100 walikuwa na hitilafu ya kurithi kwenye mojawapo ya jeni zilizopimwa, nyingi zikiwa BRCA1 na BRCA2.

*Fedha na safari.* Kipimo kimoja kikubwa kwa mtu mmoja, kisha vidogo kwa wengine. Kwa familia inayochangishana, mpango huu una akili. Bei imeshuka sana tangu Juni 2013, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba kampuni haiwezi kumiliki hataza, yaani haki ya peke yake, juu ya jeni kama ilivyo mwilini. Kabla ya hapo kampuni moja, Myriad Genetics, ndiyo iliyoshika kipimo nchini mwao, na kilizidi dola 3,000. Kwa huku kwetu, anzeni kwa daktari anayemtibu mgonjwa. KCMC ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini na ina kituo cha saratani. Wa Arusha wanaweza kuanzia Mount Meru na kuomba rufaa. Ulizeni mambo manne kabla ya kutoa hata shilingi: sampuli inapelekwa maabara ya wapi, majibu yanachukua wiki ngapi, ni jeni zipi zinazoangaliwa, na nani atakaa nanyi kuyafafanua. Msipopata mtu wa kuwajibu hilo la nne, fedha yenu isubiri kwanza.

*Baada ya jibu.* Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeweza kufaidika mara moja. Mwenye hitilafu ya BRCA1 ambaye ameshaugua titi moja ana uwezekano wa kama 40 kwa 100 wa kuugua la pili ndani ya miaka 20. Kwa BRCA2 ni kama 26. Hilo linabadilisha mazungumzo na daktari wa upasuaji. Kuna pia dawa, olaparib, inayolenga saratani za watu wenye hitilafu hizi hasa. Ni ghali, na mjue hivyo kabla ya kumpa mgonjwa matumaini.

*Nyumbani.* Hapa ndipo njia hii inapokuwa ngumu. Mnamwendea mtu aliye katikati ya kemo, zile dawa kali za saratani, nywele zimeshatoka, mdomo una vidonda, mnamwomba damu kwa faida yenu. Wengine hukubali kwa furaha, kwa sababu ni jambo la kwanza tangu waumwe ambalo wanalitoa badala ya kupokea. Wengine husikia kwamba wanaambiwa wao ndio walioleta balaa. Jibu ni lake, na atakayeamua nani aambiwe ni yeye.

Njia ya pili: mwenye afya ajipime mwenyewe

*Uzito wa jibu.* Unategemea kama hitilafu ya familia imeshajulikana. Ikiwa inajulikana na wewe huna, uwezekano wako unarudi karibu sawa na wa wanawake wengine. Ikiwa haijulikani, ndiyo ina maana, lakini hapana haina maana sana. Ni sawa na kutafuta ufunguo ndani ya chumba usichojua kama ulipotelea humo. Ukikosa kuuona, hujui kama haupo au ulidondokea njiani. Jirani yangu alikuwa amejiwekea kwamba hapana yake itafunga mjadala. Isingefunga.

*Fedha na safari.* Unalipa mwenyewe, na kwa kipimo kikubwa. Wapo wanaovutiwa na vile vichupa vya kutemea mate ya kupima jeni vinavyoagizwa nje. Kampuni maarufu kuliko zote, 23andMe, ilianza mwaka 2018 kwa kuangalia mabadiliko matatu tu ya BRCA, yale yanayopatikana hasa kwa Wayahudi wa Ashkenazi. Mwaka 2023 ikaongeza hadi 44, ilhali yanayojulikana kuleta madhara ni maelfu. Mchaga au Mmeru akipata "hakuna" hapo ameambiwa kidogo mno. Kampuni hiyohiyo iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, wateja wakaanza kuhangaika kufuta taarifa zao. Mjue pia kwamba sampuli ya vinasaba haitumwi kama kifurushi cha kahawa. Tangu mwaka 2009 Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu inayosimamia ukusanyaji, usafirishaji na uchambuzi wake, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa hizi kuwa nyeti.

*Baada ya jibu.* Jiulize swali hili kabla ya kupima. Miongozo ya kimataifa kwa mwenye BRCA mbovu husema MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu, picha ya eksirei ya matiti, kuongezwa kuanzia miaka 30. Kuondoa matiti yote mawili hupunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 90 au zaidi. Kuondoa ovari na mirija ya uzazi hushauriwa kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, baada ya mtu kumaliza kuzaa, na maana yake ni kukoma hedhi siku hiyohiyo. Ukiisoma orodha hiyo ukajisikia kwamba hakuna hata kimoja ambacho ungekubali au ungemudu, basi kipimo kitakupa mzigo bila kukupa mahali pa kuutua. Ukiona hata kimoja unakiweza, mambo yanabadilika.

*Nyumbani.* Huhitaji kumbembeleza mtu, na hilo ni faraja. Ila siri hii ni ya pamoja hata kama damu ni yako, kwa maana jibu lako linamhusu mdogo wako na baba yako pia. Mshenga akija kuuliza kwenye ukoo kuna ugonjwa gani, nani atajibu nini? Wengine watasema laana, wengine vifungo vya ukoo. Kuna familia ambazo jibu la maabara liliwapunguzia mzigo huo, kwa kuwa walau sasa ugonjwa una jina na bibi hakumkosea mtu. Wengine waliingia hofu mpya. Wewe ndiye unayewajua wa kwako.

Njia ya tatu: kukaguliwa matiti bila kupima jeni

*Uzito wa jibu.* Njia hii haikuambii kwa nini. Inakuambia kama leo kuna kitu. Mwanamke ambaye mama au dada yake wa damu ameugua ana uwezekano kama mara mbili ya wengine, na hilo peke yake linatosha kuanza mapema. Kanuni inayotumika sana ni kuanza miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu aliugua, ila mamogramu isianze kabla ya miaka 30. Matiti ya kijana yana nyama nzito na mamogramu hupitwa na vitu, ndiyo maana daktari huongeza utrasaundi. Kuhusu kujipapasa kila mwezi kwa ratiba, utafiti mkubwa wa Shanghai uliohusisha wanawake zaidi ya 260,000 haukuona vifo vikipungua. Hata hivyo, ayajuaye matiti yake hufika hospitali mapema, na wengi wetu hufika tumechelewa.

*Fedha na safari.* Kidogo kidogo, lakini kila mwaka. Oktoba huwa na kampeni za uchunguzi wa bure au wa bei nafuu. Zitumie, ila usizifanye ndiyo mpango wako, maana mwaka mwingine hutazisikia. Uliza bima yako inalipia nini.

*Baada ya jibu.* Kukionekana uvimbe, saa imeanza kuhesabu. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi uwe umekamilika ndani ya siku 60. Njia hii huanguka pale mtu anapoambiwa arudi kwa kinyama, naye akaenda kwanza kujaribu dawa za mitishamba mpaka miezi minane ikapita.

*Nyumbani.* Rahisi kuliko zote, hakuna wa kumwambia. Lakini ina mapengo mawili. Ovari hazina uchunguzi wa kuaminika wa kuzikagua kila mwaka. Na kaka zako wamesahaulika kabisa, wakati mwanamume mwenye BRCA2 mbovu ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, na hata ya titi.

Kwa hali yako

Kama aliyeugua yu hai na aliugua kabla ya miaka 50, na anaweza kuongea bila kulazimishwa, njia ya kwanza ndiyo ya kuizungumza naye. Subirini wiki ambayo kemo haijamlaza.

Kama wote walioathirika wameshafariki, mwenye afya anaweza kupima. Mchague aliye karibu zaidi kwa damu na mgonjwa, hata kama ni mwanamume. Kwa jirani yangu, kama dada asingekuwepo, wa kwanza angekuwa mzee wa Machame. Na hapana yoyote mtakayoipata isomeni kwa tahadhari.

Kama hitilafu imeshapatikana kwa ndugu, kipimo cha jambo hilo moja ndicho chenye thamani kubwa kwa fedha ndogo, kwa kaka na kwa dada pia. Kwa BRCA, watoto wasiguswe mpaka wafike miaka 18 na waamue wenyewe, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna hatua ya kuchukua.

Kama fedha iliyopo inatosha kwa jambo moja tu, na una uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au ngozi iliyobadilika leo, mambo ya jeni yasubiri. Hiyo fedha ni ya utrasaundi na kinyama.

Kama huna dalili, una ndugu mmoja aliyeugua baada ya miaka 60 na upande huo hakuna mwingine, njia ya tatu inakutosha, na huhitaji kuomba radhi kwa kutopima zaidi.

Na kama hujui uko wapi kati ya hizo, nenda kliniki na ile karatasi ya ukoo. Ya jirani yangu sasa ina majina 14, saba upande wa baba. Ameshapanga kuionyesha kwa daktari wa dada yake Jumatano, dada mwenyewe akiwepo. Kwenye alama ya kuuliza ya bibi, mzee wa Machame amepiga simu tena: kuna mama mmoja wa Kibosho, miaka 80 na kitu, aliyemuuguza.